Chai ya mboji: historia ya ndoo inayotoa mapovu

Ukipita kwenye shamba la kilimo hai, huenda ukakuta pipa lenye gunia la samadi linaloning'inia kwenye kijiti, likilowa siku kadhaa hadi maji yafanane na chai ya rangi. Wakulima wengi huiita mbolea ya maji. Siku hizi ina ndugu yake wa kisasa: chai ya mboji inayopulizwa hewa kwa pampu, kama ile ya tangi la samaki. Imetoka wapi? Na je, inafanya kazi?

Tuanze na mboji yenyewe. Mwaka 1905 Albert Howard, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, alifika India. Baadaye, akiwa Indore, alichunguza namna ya kuozesha mabaki ya mimea pamoja na samadi, na mwaka 1931 yeye na Yeshwant Wad wakachapisha kitabu kuhusu njia hiyo. Haikukaa India tu. Miaka hiyohiyo ya 1930, mashamba ya kahawa nchini Kenya yalianza kuitumia. Hoja ya Howard ilikuwa moja: udongo una uhai, na uhai huo lazima ulishwe.

Miaka ya 1980, Heinrich Weltzien wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, na wenzake waliloweka mboji kwenye maji kwa siku kadhaa, bila pampu yoyote, kisha wakanyunyizia mimea, ikiwemo mizabibu, ili kupunguza magonjwa ya majani. Umeona mabadiliko? Mboji sasa haikuwa chakula tu, ilikuwa pia mlinzi.

Pampu ilipata umaarufu miaka ya 1990 huko Oregon, Marekani, kupitia Elaine Ingham, mtafiti wa viumbe wa udongo. Mantiki yake inaeleweka. Maji ya nyuzi joto 25 hushika takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Ukiweka molasi, bakteria huzaliana haraka na oksijeni inakwisha. Ndoo inaanza kunuka, na wasiohitaji hewa wanatawala. Basi puliza hewa kwa saa 24 hadi 36, uwape nafasi wanaoihitaji.

Sasa ngoja kwanza. Mwaka 2004, Steve Scheuerell na Walter Mahaffee walijaribu chai hizi kwenye miche ya matango iliyoshambuliwa na Pythium, kimelea kinachoozesha miche. Chai iliyopulizwa hewa na kuongezwa mwani na asidi ya humiki ndiyo iliyokinga kwa uhakika zaidi. Ile ya molasi? Mara inakinga, mara haikingi.

Mwaka huohuo, watafiti wengine walionyesha kwamba molasi inaweza kuamsha Salmonella na E. coli O157:H7 ndani ya chai ya mboji. Hapa ndipo hadithi ya hewa inapokwama: E. coli huishi penye hewa na pasipo hewa. Pampu hubadilisha wakazi wa ndoo, lakini haiwezi kuchagua wema na kuwafukuza wabaya. Ndiyo maana kamati iliyoshauri bodi ya viwango vya kilimo hai Marekani ilipendekeza chai yenye viongezwa ipimwe. Isipopimwa, zipite siku 90 au 120 kabla ya kuvuna.

Na virutubisho je? Fanya hesabu. Kilo moja ya mboji ikiloweka kwenye lita 20 za maji haiwezi kutoa nitrojeni kuliko iliyokuwa nayo. Mapovu hayatengenezi mbolea.

Kwa hiyo, ukitaka kujaribu, tumia mboji iliyopata joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, achana na molasi, na usinyunyizie mboga zinazoliwa mbichi. Halafu mstari mmoja mwagilia maji matupu. Bila mstari huo, utajuaje kama ni chai iliyosaidia, au ni mvua tu?