Nyumba Kali, Lakini Nani Alilipia?

Wasee, mnajua zile filamu za malodi wa Uingereza, watu wanacheza densi kwenye ukumbi mkubwa kuliko uwanja wa shule? Mimi huwa na swali moja tu: hizi nyumba zilijengwa na pesa ya nani?

Tuchukue Harewood House, kule Yorkshire, karibu na Leeds. Kama uliona filamu ya Downton Abbey ya 2019, ushaiona. Ujenzi ulianza 1759, mwenyewe akiwa Edwin Lascelles.

Na tusidanganyane, ni jumba kali. John Carr alichora jengo lenyewe. Vyumba vya ndani vikafanywa na Robert Adam, na dari zake za plasta zilizonakshiwa, ukiangalia juu shingo inauma. Viti, meza na vioo vikatengenezwa na Thomas Chippendale, fundi aliyekuwa anasakwa na matajiri wote. Capability Brown akapanga miti na ziwa la kuchimbwa, yaani hata mandhari yalichorwa.

Sasa, chapaa. Henry Lascelles, babake Edwin, alitajirika Barbados: sukari, biashara ya watumwa, na kukopesha wenye mashamba. Ndiye alinunua hiyo ardhi ya Yorkshire, 1738.

Sehemu iliyonichoma ni hii. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa 1833, serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Unadhani zilienda kwa waliotumikishwa? Zii. Zilienda kwa waliowamiliki. Earl wa pili wa Harewood alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277. Wao wenyewe hawakupata hata senti. Na serikali ilimaliza kulipa deni la fidia hiyo 2015. Mimi nilikuwa darasani, shule ya msingi!

Miaka ya 1840, familia ikamleta Charles Barry, yule wa majengo ya Bunge la London, aongeze ghorofa pembeni na baraza kubwa la mawe upande wa kusini.

Kuna mwigizaji anaitwa David Harewood, yule wa Homeland. Hilo jina halikuja kwa bahati. Mababu zake walikuwa watumwa wa huyo huyo Earl wa pili, Barbados. Mwaka wa 2023 picha yake ilitundikwa ndani ya jumba, na Earl wa sasa, David Lascelles, amekubali hadharani utajiri wao ulitoka wapi.

Kuna mtu ataniambia, "Wacha siasa, jengo ni jengo." Sikubali. Carr, Adam na Chippendale tunawataja kwa majina kwa sababu walifanya kazi. Wale 1,277 pia walifanya kazi. Mbona wao tuwaache wakiwa nambari tu?

Picha moja ukutani haimalizi hilo deni. Lakini angalau sasa, ukiingia kushangaa dari, kuna mtu anakuangalia.