Johannes Steinhoff na Suala la Utiifu katika Jeshi la Anga la Ujerumani

Johannes Steinhoff alizaliwa mwaka 1913, akajiunga na Jeshi la Wanamaji la Ujerumani mwaka 1934 na kuhamia Jeshi la Anga miaka miwili baadaye. Hadi Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, alihesabiwa kuwa ameangusha ndege 176. Idadi hiyo hutajwa mara nyingi mno. Kwa mwanahistoria, mkutano wa Berlin wa Januari 1945 una uzito zaidi.

Katika mkutano huo makamanda wa vikosi vya ndege za kivita, Günther Lützow akiwa msemaji wao, walimkabili Hermann Göring. Walilalamikia kuondolewa kwa mkuu wao, Adolf Galland, lawama za woga walizobebeshwa marubani, na matumizi mabaya ya ndege mpya za jeti aina ya Me 262. Göring alighadhibika. Lützow alipelekwa Italia, naye Steinhoff akapoteza ukamanda wa kikosi chake. Tukio hilo huitwa Uasi wa Marubani, jina linalolikuza kuliko lilivyokuwa. Malalamiko yalihusu namna ya kuongoza vita, si uhalali wa dola ya Nazi wala jinai zake. Waliothubutu kusema walitaka kupigana vizuri zaidi.

Tarehe 18 Aprili 1945 Me 262 ya Steinhoff ilianguka na kuwaka moto ilipokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Riem, München. Uso wake uliungua vibaya, na kwa miaka mingi hakuweza kufumba macho.

Ujerumani Magharibi ilipounda jeshi jipya, Steinhoff alirudi kazini, na mwaka 1966 akawa mkuu wa Jeshi la Anga. Mtangulizi wake, Werner Panitzki, alikuwa ameondolewa baada ya kudai hadharani kwamba ununuzi wa ndege za Starfighter ulikuwa uamuzi wa kisiasa. Ndege hizo zilikuwa zikianguka mfululizo. Hadi zilipoacha kutumika, marubani 116 walikuwa wamepoteza maisha. Steinhoff hakuipinga ndege yenyewe. Alidai mamlaka makubwa zaidi, akayapata, akaimarisha mafunzo na matengenezo. Viti vya kumrusha rubani nje wakati wa hatari navyo vilibadilishwa. Hapa tena alikosoa uendeshaji pasipo kugusa uamuzi wa juu, ila safari hii alisikilizwa. Kuanzia 1971 hadi 1974 aliongoza Kamati ya Kijeshi ya NATO.

Mwaka 1997 kikosi cha Laage, karibu na Rostock, kilipewa jina lake. Kikosi kingine kilivuliwa jina la Werner Mölders mwaka 2005, kwa sababu Mölders alipigana Hispania katika Legion Condor, kikosi ambacho Bunge lilikuwa limekwisha kukikana mwaka 1998. Steinhoff hakupigana Hispania. Kigezo kilichomwondoa Mölders kiliangalia mahali rubani alipopigana, kikaliacha nje swali la kile ambacho makamanda wa Januari 1945 hawakumwambia Göring.