Anuarite: jina lililoandikwa kwa makosa

Wandugu, mu darasa lenu unaweza kukuta Anuarite mumoja ao wawili. Hilo jina limetoka wapi?

Mutoto aliyezaliwa Wamba mwaka 1939 aliitwa Nengapeta. Siku ya kumuandikisha masomo, sista akaandika Anuarite, jina la dada yake, na likabaki. Akakuwa sista yeye pia, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba.

Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya kikristo. Marie na Thérèse wakatoka mu vitambulisho. Halafu tarehe 15 Agosti 1985, kule Kinshasa, Papa Yohane Paulo II akamutangaza Anuarite kuwa mwenye heri. Hapo wazazi wakapata jina la mubarikiwa ambalo serikali haikuweza kufuta, juu ni la kwetu.

Kisha 1990 Marie alirudi. Lakini Anuarite hakuondoka.

Jina lenye liliingia kwa kosa la kalamu leo liko kwenye diploma za wadada wetu. Basi, mbele ya kutia sahihi, soma vizuri jina walilokuandikia. Linaweza kukuzidi maisha.