Dakika Moja ya Kusoma: Kipimo Kilichozaliwa katika Elimu Maalumu

Walimu wengi hukichukulia kipimo cha kusoma kama hukumu. Mtoto akishindwa, huandikiwa "hajui kusoma" na shughuli huishia hapo. Historia inatufundisha vingine.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili. Kilisaidia kuwatambua watoto hao, lakini hakikumwonyesha mwalimu la kufanya kesho yake darasani.

Pengo hilo lilijitokeza tena Marekani, pale sheria ya mwaka 1975 ilipotaka kila mwanafunzi mwenye ulemavu awe na mpango wake wa elimu. Je, maendeleo yake yangepimwaje bila kungoja mtihani wa mwisho wa mwaka? Stanley Deno na Phyllis Mirkin wa Minnesota walishughulikia suala hilo kuanzia miaka ya 1970. Njia iliyopatikana ni nyepesi. Mtoto husoma kifungu kwa sauti kwa dakika moja. Mwalimu huhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa na kuweka nukta kwenye grafu. Zoezi hurudiwa mara kwa mara kwa vifungu vyenye ugumu uleule. Nukta zikiendelea kubaki chini ya mstari wa lengo, kinachobadilishwa ni mbinu ya kufundisha.

Usomaji wa dakika moja umefika Afrika Mashariki pia. Mwaka 2007 kipimo cha EGRA, chenye zoezi la aina hiyo, kilitumika Malindi, Kenya, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo, lengo lake lilikuwa kuonyesha hali ya shule nyingi, wala si kumfuatilia mtoto mmoja mmoja.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna tahadhari mbili za kuzingatia. Kwanza, neno letu moja, "hatutawasomea", kwa Kiingereza ni maneno sita. Kwa hiyo, idadi ya maneno kwa dakika isilinganishwe baina ya lugha hizi mbili. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Pili, hapa Uganda watoto wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu. Anayekwama huenda hajui msamiati, wala hana tatizo lolote la kujifunza. Mpime pia katika lugha aizungumzayo nyumbani kabla ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Nikikagua mazoezi ya kufundisha, nimewahi kuona daftari lililojaa alama za kusoma za muhula mzima. Nilimwuliza mwalimu mwanafunzi alibadilisha nini baada ya kuziona. Alinyamaza. Kosa halikuwa lake peke yake, kwani sisi wakufunzi tulimfundisha kupima, hatukumfundisha kusoma alichokipima.