Mnara wa Sayyid Barghash

Mtu wa Ilongero aliyelelewa katika tembe aweza kustaajabia habari ya leo. Tembe ni nyumba fupi. Paa lake ni miti na udongo, na upepo mkali hupita juu yake. Kila pembe ya nyumba ile ina kazi yake. Basi mwenyeji wake akiambiwa kwamba wako watu waliojenga minara isiyolaliwa na mtu wala kuwekwa nafaka, atauliza, "Ya nini?" Swali hilo ni jema, na tulitafutie jibu.

Huko Ulaya matajiri wengi walijenga minara ya pambo katika mashamba yao. Katika nchi ya Ireland, mwaka 1740, baridi kali ilipokuwa imeharibu mazao na watu wana njaa, bibi mmoja tajiri, Katherine Conolly, aliamuru jengo la mawe lenye matao na mnara, kimo chake yapata futi 140. Jengo lenyewe halikuwa na kazi, ila kulijenga kuliwapatia maskini ujira.

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki. Sayyid Barghash bin Said alitawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888. Mwaka 1875 alisafiri mpaka Uingereza, na mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Hakulijenga ili alale humo. Lilikuwa jumba la sherehe na la kuwapokea wageni. Lilikuwa na nguzo za chuma, sakafu za marumaru, na roshani pana. Mbele yake, upande wa bahari, ulisimama mnara mrefu wa taa, ukionekana na mabaharia kabla hawajatia nanga.

Mali ya kujengea fahari ile ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu, na katika pembe za ndovu. Pembe zilichukuliwa mabegani na wapagazi kutoka Unyamwezi na nchi za mbali zaidi, wakipita Ugogo, kusini mwa nchi yetu ya Singida, mpaka pwani. Biashara ya watumwa nayo iliitajirisha Unguja, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Kwa hiyo, ijapokuwa mnara ulisimama pwani, sehemu ya gharama yake ililipwa na watu wa bara.

Walakini tusimhukumu Sayyid kwa mnara peke yake. Mwaka 1873, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Tena alileta maji matamu mjini kwa mifereji kutoka chemchemi, na maskini na tajiri wakanywa.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid, mwana wa Barghash, akashika ikulu bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27, yapata saa tatu asubuhi, manowari zao zilianza kupiga mizinga. Haikutimia saa moja vita vikaisha. Kwa upande wa Khalid watu yapata 500 waliuawa au kujeruhiwa; kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Mnara wa taa, uliokuwa fahari ya mji, uliharibiwa. Jumba la Maajabu lilisalimika, na baadaye mnara mwingine, wenye saa, ukajengwa ukiungana na uso wake.

Mnara huo wa pili uliwaonyesha watu wa mji saa kwa miaka mingi. Jumba likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Lakini mvua na chumvi ya bahari hazimwogopi mfalme. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu ya mbele ya jumba iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa.

Basi, mnara ni wa nini? Aliyeujenga alitaka aonekane toka mbali, naye alionekana. Sisi tukiutazama, tuulize pia habari za mabega yaliyobeba pembe. Jina la Sayyid limeandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa. Ninyi wanafunzi mjuao kalamu, kama wako wazee kwenu wanaoyakumbuka, yaandikeni kabla hayajapotea.