Mzee wa Baraza na Mipaka ya Maswali Yake katika Kesi za Jinai

Tanzania haina jopo la raia linalotamka iwapo mshtakiwa ana hatia. Walio karibu na nafasi hiyo ni wazee wa baraza, ambao wakazi wa Kinondoni na Temeke wamewazoea tangu zamani katika mahakama za mwanzo. Huko walipiga kura pamoja na hakimu, na walio wengi waliweza kumshinda. Mahakama Kuu, katika kesi za mauaji, hutoa maoni tu, na jaji hafungwi nayo.

Kwa miaka mingi Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilimlazimu jaji kuketi na wazee wasiopungua wawili. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima huo, lakini pale wanapohitajika, masharti ya haki hayapungui.

Kilichozua rufaa nyingi ni maswali yao. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamruhusu mzee wa baraza kumuuliza shahidi kupitia mahakama au kwa idhini yake, ili apate ufafanuzi. Kudodosa ni haki ya upande wa pili wa kesi, na shabaha yake ni kuutikisa ushahidi. Mpaka wenyewe ni mwembamba: kuuliza taa ilikuwa umbali gani ni kutaka kuelewa, kumwambia shahidi kwamba gizani asingeweza kumtambua mtu ni kumpinga. Mzee aliyefika hapo amekwisha kuchukua upande, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mahakama ya Rufani imebatilisha mienendo ya kesi kadhaa za mauaji kwa kasoro hiyo, na katika baadhi yake kuagiza zisikilizwe upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Mshtakiwa hurudi rumande kusubiri. Ndugu wa marehemu husimulia msiba wao mara ya pili, na shahidi aliyekuwa mpangaji huenda amekwisha kuhama.

Kabla ya usikilizwaji kuanza, mshtakiwa huulizwa kama ana pingamizi dhidi ya mzee yeyote, kwa mfano kwa undugu au uhasama. Hii ni desturi ya mahakama, si kifungu cha sheria, ingawa Mahakama ya Rufani imeisisitiza. Mwenye pingamizi alitoe wakati huo, asisubiri hukumu.