Ufipa: Mzigo, Mlima na Magurudumu Mawili

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baadaye ikajengwa njia ya tawi hadi Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo ikapita Tunduma na kuingia Zambia. Sumbawanga, mji wa uwanda wa Ufipa kusini-magharibi mwa Tanzania, ikabaki katikati, haina treni. Ndiyo maana anayetaka kujua jinsi watu wa Ufipa walivyosafiri asianze na reli, wala na gari la mtu binafsi, ambalo wengi hawajawahi kuwa nalo. Aufuate mzigo: gunia la mahindi, debe la maharage, samaki wa Ziwa Rukwa.

Kwanza ulibebwa kichwani. Misafara ya biashara ilikatiza uwanda huu kwa miguu, na mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1880, alitembea pamoja na wapagazi wake.

Upande wa magharibi, Ziwa Tanganyika lilikuwa na usafiri wake. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ililetwa Kigoma vipande vipande, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kwa watu wa Kasanga na Kipili ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda Kigoma kuipata treni. Pasipo na gati, mitumbwi iliisogelea meli majini, na abiria wakapandishwa ubavuni pamoja na kuku na magunia ya dagaa.

Juu uwandani, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, chombo kilichobadilisha maisha ni baiskeli. Vijana waliotoka Ufipa kwenda manamba katika mashamba ya mkonge Tanga, na wengine migodini ng'ambo ya mpaka, walifanya kazi kwa ndoto ya kurudi nayo. Na haikuwa ya kutembelea tu. Fundi huongezea keria nondo ili ihimili gunia, kisha mzigo unakazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Penye tambarare mtu anaendesha. Penye mwinuko anashuka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya gunia, anasukuma.

Na miinuko ipo. Ukuta wa Lyamba lya Mfipa unatenganisha uwanda na bonde la Rukwa, kuliko na Muze na Ilemba. Mpunga na samaki wa bondeni hutakiwa sokoni Sumbawanga, na kwa miaka mingi vilipandishwa kwa jasho la watu. Nasema bila kusita kwamba wasukuma baiskeli hao walilisha mji huu, ingawa hakuna barabara iliyojengwa kwa kuwafikiria wao.

Sumbawanga ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa mwaka 1974, safari za kwenda Mbeya ziliongezeka. Basi lilipita Laela hadi Tunduma kwenye barabara ya udongo, na mvua zikishaanza Novemba, abiria walijua kwamba huenda wakashuka kulisukuma. Mabasi ya Sumry yalipata jina katika njia hizi za kusini-magharibi. Februari 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa dola milioni 698 chini ya MCC, shirika la misaada la Marekani, na sehemu ya fedha hizo ikaweka lami kati ya Tunduma na Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima ikawa ya saa chache.

Bodaboda, usafiri uliozaliwa kwa baiskeli Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilikuwa tayari imefika kwa pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki na bajaji kupewa leseni ya kubeba abiria. Kwa mjamzito wa kijiji kisichofikiwa na basi, hili lilikuwa jambo kubwa kuliko lami.

Lakini pikipiki inahitaji petroli, na bei ya mahindi haivumilii nauli kila mara. Kwa hiyo mkulima mwenye gunia moja bado anatoa baiskeli. Sasa anasukuma pembeni mwa lami, malori yanampita karibu mno, na kila yanapopiga honi anateremkia kwenye changarawe na mzigo wake. Barabara hiyo ilipaswa kuwa na njia ya baiskeli tangu siku ya kwanza, na kuijenga bado kunawezekana.